Kipokezi kilikuwa kinasema kweli

Kwa miezi minne nilikuwa na kipokezi, yaani protini ya kwenye utando wa seli inayopokea habari za nje, kisichojua kunyamaza. Nikizimwagia seli zenye kipokezi hicho maji yenye uasidi, zinawaka mwanga, ishara kwamba kimeamka. Nikizimwagia maji ambayo mimi mwenyewe nimeyaandika kwa kalamu ya wino mweusi "pH 7.4", yaani kiwango cha damu ya mtu mwenye afya, zinawaka karibu vilevile. (pH ni kipimo cha uasidi: namba ikishuka, uasidi umepanda.) Grafu yangu, ambayo ilitakiwa ipande kama ngazi, ilikuwa imelala kama mkeka.

Nimekulia Tanga, baiolojia nikaisomea Dar es Salaam, kisha nikapata nafasi ya uzamili kwenye maabara moja ya Ujerumani. Nilikabidhiwa kipokezi kinachoitwa OGR1, ambacho vitabu vingine hukiita GPR68. Mwaka wa kwanza nilidhani nimepewa kazi nyepesi. Kipokezi kimoja, swali moja: seli inajuaje kwamba nje yake kumekuwa kuchachu?

Jina la kipokezi hiki lina historia ya kuchekesha kidogo. Kilipatikana mwaka 1996 kwenye seli za saratani ya ovari, na ndiyo maana herufi ya kwanza ni O, ya ovari. Umbo lake lilijulikana, kazi yake haikujulikana. Vipokezi vya namna hiyo huitwa yatima: mlango upo, mgeni wake haonekani. Watu wakaanza kukitafutia mgeni, na wengine wakatangaza kwamba mgeni ni mafuta fulani ya kwenye utando wa seli. Makala zikachapishwa kwenye majarida makubwa. Baadaye baadhi ya makala hizo ziliondolewa. Mwaka 2003 watafiti wa kampuni ya dawa ya Novartis, mjini Basel, Uswisi, wakaonyesha kwamba mgeni aliyekuwa akitafutwa kote huko ni protoni, ioni ya hidrojeni, ioni ndogo kuliko zote katika kemia. Yeye alikuwa mezani siku zote, ndani ya kila chupa ya kila mtu aliyekuwa akimtafuta.

Hiyo makala niliisoma mara tatu kabla ya kugusa pipeti, ule mrija wa kupimia vimiminika. Ilisema wazi: kwenye pH 7.8 kipokezi kimelala, kwenye pH 6.8 kimeamka kikamilifu. Nilipiga mstari chini ya sentensi hiyo kwa kalamu ya kijani. Kupiga mstari nako ni namna ya kusahau.

Nieleze kidogo kinavyofanya kazi, maana bila hapo kosa langu halitaeleweka. Kipokezi ni protini iliyoshonwa kwenye utando wa seli, ikiingia na kutoka mara saba kama uzi kwenye kitambaa. Upande wa nje una histidini kadhaa. Histidini ni asidi amino, yaani moja ya matofali yanayojenga protini, yenye tabia ya pekee: mkono wake hushika na kuachia protoni kwenye pH inayozunguka 6, na ikiwa imekaa ndani ya protini kiwango hicho kinaweza kusogea kufuatana na majirani zake. Asidi amino nyingine nyingi ama zimeshashika protoni zao tangu zamani, ama zimeshaziachia, hazina habari na mabadiliko madogo ya mwili. Sasa fikiria abiria kwenye kiti cha nyuma cha daladala, wamebanana vizuri, kila mtu kajipanga. Kila mmoja akapokezwa kiroba. Hawawezi tena kukaa vile. Watasukumana, kiti kitalia, na dereva mbele atajua kuna jambo. Kiroba ndiyo protoni, yenye chaji chanya. Histidini zilizobeba protoni zinasukumana, umbo la kipokezi linageuka, na upande wa ndani protini iitwayo G inashtuka na kupeleka habari. Kwa OGR1 habari hiyo inafika kama kalsiamu inayofunguliwa kutoka kwenye maghala ya ndani ya seli. (Miaka ya karibuni imeonekana kwamba histidini si peke yake. Kuna asidi amino nyingine, aspateti na glutameti, zilizojificha katikati ya protini ambazo nazo hubeba viroba. Nami nilikuwa nimeshazoea mfano wangu wa daladala.)

Kalsiamu ndiyo niliyokuwa naipima. Unazinywesha seli rangi maalumu, kalsiamu ikipanda rangi inang'aa, mashine inasoma mwanga. Sahani ina vishimo 96. Rahisi.

Uhodari wa kipokezi hiki uko kwenye hesabu. Damu yenye pH 7.4 ina protoni kama nanomoli 40 tu kwa lita. Sodiamu iliyomo humo humo ni kama milimoli 140, na milimoli moja ni nanomoli milioni. Maana yake, kwa kila protoni moja kuna sodiamu milioni tatu na nusu. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu zaidi kidogo ya milioni tano; sasa chukua theluthi mbili ya jiji hilo, wote wapite mbele yako, nawe umtambue mmoja tu. Halafu wakipita wawili badala ya mmoja, upige kelele. Maana pH ni kipimo cha ajabu: ikishuka kwa 1, protoni zimekuwa mara kumi; ikishuka kwa 0.3 tu, zimekuwa maradufu. Hili la 0.3 nililijua kwa mtihani. Mkono wangu haukulijua.

Basi seli zikawa zinawaka, nami nikaanza kuzunguka mbuyu. Nilibadilisha rangi. Nilibadilisha seli. Nilichukua seli tupu zisizowekewa kipokezi ili zinisaidie kulinganisha, nazo zikamemeta kidogo! Nikakosa usingizi siku mbili kabla ya kusoma kwamba seli za HEK293, hizi za figo ambazo nusu ya dunia inazitumia, zina milango yao ya asidi ya kuzaliwa nayo, iitwayo ASIC1a. Ukishusha pH ghafla hazikai kimya kabisa. Hilo lilikuwa somo, ila halikuwa jibu.

Msimamizi wangu, mama mpole asiyepandisha sauti, aliniambia nirudie. Nikarudia. Kwenye mkutano wa Jumatatu nikaonyesha mkeka wangu kwa mara ya tatu, na nikathubutu kusema labda kipokezi chenyewe kina kasoro, labda kimeharibika kwenye kunakiliwa. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Aliyenikomboa ni fundi wa maabara, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Alikuwa haji kwenye mikutano. Siku hiyo alikuwa anaosha vyombo nyuma yangu, akaniona nikipima bafa, yaani ule myeyusho unaozuia pH kuyumba, nikiigonga kwa tone moja moja la asidi mpaka kipimo kisome 7.40. Akaniuliza swali moja tu: "Hapa pana joto gani?"

Nikamwambia nyuzi 22, labda.

"Na seli zako unazisoma kwenye nyuzi ngapi?"

Thelathini na saba.

Hakusema neno. Aliichukua chupa yangu, akaiweka kwenye beseni la maji ya moto la nyuzi 37, akaweka pembeni vichupa vya kusawazishia kipimo, cha 4 na cha 7, navyo vipate joto lilelile. Tukasubiri robo saa. Akasawazisha kipimo, akasuuza kile kijiti cha kioo, akakifuta kwa karatasi laini bila kukisugua, akakichovya kwenye bafa yangu. Ikasoma 7.1 na kitu. Ikashuka. 7.08. 7.03. Ikatulia kwenye 6.99.

Bafa niliyotumia ni Trisi, iliyokuwa kwenye rafu nilipofika, nami sikuuliza. Trisi ina ila moja maarufu: kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda, pH yake inashuka kwa karibu 0.03. Nyuzi 15 zikaniletea 0.41. Yaani maji niliyoyaita ya kawaida, mbele ya seli yalikuwa na protoni mara mbili na nusu ya nilizoandika kwenye chupa. Kipokezi kinachoamka kati ya 7.8 na 6.8 kilikuwa kinaona 6.99. Kingelalaje? Miezi minne kilikuwa kinaniambia pH ya maji yangu kwa usahihi kuliko kipimo changu, nami nakaa mbele za watu nakishuku kina kasoro.

Jioni ile nilimpigia mama simu Tanga. Yeye hupenda kuuliza kazi yangu kwa namna ya kumuulizia jamaa mgonjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Zile seli zako hazijambo?"

Nikamweleza, kwa kifupi niwezavyo: kwamba nilipima uchachu kwenye baridi nikautumia kwenye moto. Akacheka.

"Sasa hilo mpaka uende Ulaya? Mchuzi ukiwa wa moto utaujuaje chumvi yake? Unachota kwenye kijiko, unapuliza, ndipo unaonja."

Sina hakika kama kemia ya mchuzi ni moja na ya Trisi, na sikumbishia. Lakini nimeshaona watu wenye shahada wakiikosea hiyo ya kijiko.

Nilihamia bafa nyingine, HEPES, ambayo nayo hushuka na joto ila kwa nusu ya hapo, na nikaanza kupima kila kitu kwenye nyuzi 37. Mambo yakawa afadhali, hayakuwa mazuri. Safu ya kwanza ya sahani na ya mwisho bado hazikufanana. Hapa nilijisaidia mwenyewe, kwa macho tu. Chakula cha seli huwekwa rangi ya fenoli nyekundu, ambayo ikiwa na uasidi huwa njano, ikiwa sawa huwa na wekundu wa machungwa ya damu, na uasidi ukipungua inaelekea zambarau. pH ya chakula hicho inategemea bikaboneti iliyomo ndani pamoja na kaboni dayoksaidi asilimia 5 inayopulizwa kwenye inkubeta, lile kabati la joto la kukuzia seli. Ukiitoa sahani nje, gesi inatoroka, pH inapanda. Mchana mmoja niliacha sahani mezani nikaenda kupokea kifurushi getini. Niliporudi ilikuwa imegeuka pinki kama ubuyu. Dakika ishirini hivi. Nikaelewa kwamba wakati mimi napiga pipeti safu kwa safu, kwa makini na bila haraka, nikijisifu kwa utaratibu, seli za kwanza zilikuwa zikihama nchi moja ya pH kwenda nyingine.

Na Jumatatu ilikuwa kinyume chake. Seli zilizojazana tangu Ijumaa zilikuwa zimegeuza chakula njano, maana nazo zinatoa asidi ya laktiki. Otto Warburg aliliona hilo kwenye uvimbe wa saratani, huko huko Ujerumani, mjini Berlin, miaka ya 1920: seli za saratani hula sukari na kumwaga asidi hata pale oksijeni ipo. Ndani ya uvimbe mara nyingi pH huwa kati ya 6.5 na 6.9. Kwa hiyo kipokezi kilichopatikana kwenye saratani ya ovari kilikuwa nyumbani kwake.

Katika maabara ile tulikuwa wawili tunaoongea Kiswahili. Mwenzangu alitoka Mombasa, yeye akishughulikia neva za maumivu, na ndiye tuliyekuwa tukipika naye Jumamosi. Siku moja nikiwa nakatakata vitunguu vya kachumbari kisu kikanipata kidoleni, kidogo tu, nikaendelea. Kisha nikakamua ndimu. Nadhani kila aliyewahi kushika jiko anajua kilichofuata.

"Pole, kaka," akasema bila kugeuka. "Hizo ASIC zako zinakuamkia."

Alikuwa sahihi, ingawa si hizo peke yake. Vipokezi vyangu vya OGR1 ni wazee wa baraza: wanasikia, wanakaa, wanatuma mjumbe, mjumbe anamtuma mwingine. ASIC ni milango tu. Protoni ikigusa upande wa nje mlango unafunguka palepale, sodiamu inaingia, neva inapiga kelele, na ndani ya sekunde chache mlango unajifunga ingawa asidi bado ipo. Kuna na TRPV1, mlango uliotambuliwa mwaka 1997 kwenye maabara ya David Julius huko San Francisco, kazi iliyomfikisha kwenye Nobeli ya mwaka 2021. Huo hufunguka kwa pilipili, hufunguka kwa joto la kama nyuzi 43, hufunguka kwa asidi kali, na uasidi kidogo huufanya uwe mwepesi wa kufunguka kwa hayo mengine. Kwa hiyo embe bichi lenye ndimu, chumvi na pilipili ya unga, lile la kuuziwa kwenye kifuko, ni mashambulizi ya pande zote juu ya mlango mmoja. Uchachu wenyewe ulimini una mlango wake tofauti, OTOP1, uliotangazwa mwaka 2018 tu. Huo unaiingiza protoni yenyewe ndani kabisa ya seli.

Mwenzangu huyo ndiye aliyenipa habari za fuko asiye na manyoya, mnyama wa kwetu Afrika Mashariki, anayeishi chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Wanajazana kwenye mashimo yenye hewa finyu, kaboni dayoksaidi inapanda, na hewa hiyo ikikutana na maji ya machoni na puani inakuwa asidi. Sisi tungelia. Fuko ukimdunga asidi mguuni halambi mguu, hana habari. Nilidhani jibu ni rahisi, kwamba hana vipokezi. Anavyo! Watafiti wa Berlin walionyesha mwaka 2011 kwamba milango yake ya asidi inafunguka kama kawaida. Tatizo, au tuseme bahati, iko mbele zaidi: mlango wa sodiamu unaosafirisha ishara kwenye neva, Nav1.7, kwa fuko umebadilika kidogo, na protoni zilezile zinauziba. Habari inapokelewa, haitumwi. Nilimwambia mwenzangu namjua mnyama wa namna hiyo, alikaa miezi minne mbele ya grafu.

Naye alinidokezea koboko. Mwaka 2012 Wafaransa walitoa kwenye sumu ya koboko protini ndogo zinazoziba ASIC, na panya waliodungwa wakapoa maumivu kwa kiwango cha mofini bila pumzi zao kudhoofika. Huwezi kulisema hilo kijijini ukaeleweka.

Jaribio lililofanikiwa lilikuwa la siku ya Alhamisi. Nilianzia pH 7.8 badala ya 7.4, maana nilikuwa nimekubali hatimaye kwamba kwa kipokezi hiki "kawaida" ya damu si ukimya, kwenye 7.4 kimeshaanza kunong'ona. Bafa ya HEPES, nyuzi 37, kipimo kimesawazishwa moto. Vishimo vyote giza. Nikashusha mpaka 7.4: mwanga mdogo. 7.2, ukaongezeka. 7.0. Kwenye 6.8 safu nzima ikawaka, ikafika kileleni kwa sekunde kadhaa, kisha ikaanza kufifia taratibu. Safu ya seli tupu ikamemeta tu pale chini kabisa, kama nilivyotarajia. Niliirudia siku hiyohiyo, nikairudia Ijumaa, nikamwita msimamizi, akaangalia, akasema "Vizuri," akaniuliza nilibadilisha nini. Nikamwambia.

Kwenye mashine ya kupimia pH pale maabarani kulikuwa na kipande cha gundi ya karatasi kilichochakaa, na neno la Kijerumani lenye alama ya kuuliza, hati ya yule mzee. Lilikuwa pale tangu siku niliyofika. Nilidhani ni jina la mashine. Alipostaafu wino ulikuwa umefifia, nikabandika kipande kipya chini yake na kuandika "Joto gani?" Mwanafunzi mpya kutoka China aliniuliza maana yake, nikamwambia. Wiki iliyofuata nikakuta kuna kipande cha tatu.